Noti za China za miaka ya vita, 1937–1949: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Noti hizi zimetapakaa duniani. Utazikuta kwenye minada ya mtandaoni, kwa wauza vitu vya kale wa Hong Kong na London, na mara nyingine kwenye bahasha iliyosahaulika kabatini mwa marehemu. Anayezishika mara ya kwanza huona sura ya Sun Yat-sen, mwasisi wa Jamhuri ya China, sifuri zisizoisha na maandishi asiyoyajua, akaziweka pembeni. Asifanye hivyo. Noti ya China ya miaka ile ni hati ya utawala: kila aliyeuteka mji alitaka raia wanunue mchele kwa karatasi yake. Ukijua kusoma mambo machache yaliyochapwa juu yake, utajua ni nani aliyetawala pale ilipotumika, na mara nyingi hata hali aliyokuwa nayo alipoitoa.

“Miaka ya vita” ni ipi hasa?

Vita na Japani vilianza Julai 1937 karibu na Daraja la Marco Polo, nje kidogo ya Beijing, vikaisha 1945. Wakusanyaji hawaishii hapo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya serikali ya chama cha Kuomintang ya Chiang Kai-shek na Chama cha Kikomunisti, viliendelea hadi 1949, na pesa za kipindi hicho ni mwendelezo wa zile za kwanza. Ukizitenganisha hutaelewa zote mbili.

Mimi humshauri anayeanza arudi nyuma kidogo, hadi 4 Novemba 1935. Kabla ya hapo China ilitumia fedha halisi, yaani madini. Mwaka 1934 Marekani ilipitisha sheria ya kununua fedha kwa wingi, bei ya madini hayo ikapanda duniani, na fedha ya China ikaanza kumiminika nje. Biashara ikabanwa, benki zikatikisika. Serikali ikaamua kuyaondoa madini hayo kwenye mzunguko na kutangaza noti za benki tatu kuwa pesa halali: Benki Kuu ya China, Benki ya China na Benki ya Mawasiliano. Benki ya Wakulima ya China ikaongezwa 1936. Pesa hiyo iliitwa fabi, na ndiyo iliyoingia vitani. Kuanzia Julai 1942 haki ya kutoa noti ilibaki kwa Benki Kuu peke yake.

Mbona nchi moja ilikuwa na pesa za aina nyingi hivyo?

Kwa sababu haikuwa chini ya mtawala mmoja. Manchuria ilikuwa na benki yake kuu tangu 1932, chini ya dola ya Manchukuo iliyoundwa na Japani. Mongolia ya Ndani ilipata Benki ya Mengjiang 1937. Kaskazini, serikali ya vibaraka ya Beijing ilianzisha benki yake Machi 1938. Kule Nanjing, serikali ya Wang Jingwei, mwanasiasa mkubwa wa Kuomintang aliyejiunga na Wajapani, ilifungua benki yake Januari 1941. Shanghai ilikuwa imeshapata Benki ya Biashara ya Hua Hsing mwaka 1939. Juu ya hizo zote, askari wa Japani walilipia vitu kwa noti za jeshi lao. Vijijini, nyuma ya mistari ya adui, wakomunisti walikuwa na benki zao. Na Chongqing, mji mkuu wa wakati wa vita, fabi iliendelea.

Pesa yenyewe ilikuwa uwanja wa vita. Katika miaka ya mwanzo fabi iliweza kubadilishwa Shanghai kwa pauni na dola, kwa hiyo Wajapani waliikusanya kutoka maeneo waliyoyateka, wakaenda kuchukulia fedha za kigeni, na akiba ya China ikapungua. Serikali ya China ikaweka masharti ya kubadilisha fedha 1938, na mwaka uliofuata Uingereza ikasaidia kuanzisha mfuko wa kuishikilia thamani ya fabi.

Aliyeumia ni mwenye pesa kidogo. Chukua mtu wa Shanghai aliyekuwa na fabi 1,000 mwaka 1942. Utawala wa Nanjing ulimlazimisha kubadilisha fabi mbili kwa noti moja ya benki yake, akabaki na 500. Vita vikaisha, Kuomintang ikarudi, ikatangaza kwamba noti 200 za Nanjing ni sawa na fabi moja. Zile 500 zikawa fabi mbili na nusu, na fabi ya 1945 haikuwa tena na nguvu ya ile ya 1942. Mtu huyo hakucheza kamari wala hakuibiwa na jambazi. Alitii amri mbili za serikali mbili. Kila ninaposhika noti ya Nanjing iliyochakaa, hesabu hiyo hunijia kwanza.

Nitajuaje noti yangu ilitolewa na nani?

Angalia jina la benki, ambalo kwa kawaida liko juu, upande wenye maandishi ya Kichina. Ukumbuke kwamba wakati ule maandishi ya mlalo yalisomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo utayaona yamegeuka ukilinganisha na haya ninayoyaandika hapa kwa mpangilio wa leo:

中央銀行 ni Benki Kuu ya China.
中國銀行 ni Benki ya China.
交通銀行 ni Benki ya Mawasiliano.
中國農民銀行 ni Benki ya Wakulima ya China.
中央儲備銀行 ni ile ya Wang Jingwei, Nanjing.
中國聯合準備銀行 ni ile ya vibaraka wa Beijing.
滿洲中央銀行 ni Benki Kuu ya Manchukuo.

Noti nyingi zina Kiingereza upande wa nyuma, na hilo humrahisishia kazi anayeanza. Ila kuwa mwangalifu: jina la benki ya Nanjing kwa Kiingereza ni The Central Reserve Bank of China, na ile ya Beijing ni The Federal Reserve Bank of China. Wauzaji huzichanganya kila siku, na wengine huziuza kama noti za serikali halali ya China.

Picha nazo husaidia. Sun Yat-sen hatoshi kukuongoza, maana serikali zote mbili, ya Chongqing na ya Nanjing, zilidai kuwa warithi wake. Noti za Nanjing hupenda kuonyesha kaburi lake lililo katika mji huo. Za Beijing zina watu wa kale kama Confucius na mashujaa wa vita Guan Yu na Yue Fei. Benki ya Mawasiliano iliundwa 1908 kwa ajili ya reli, posta na usafiri wa majini, ndiyo maana noti zake zina treni na meli. Hekalu la Mbinguni la Beijing liko nyuma ya noti za yuan 10 za Benki ya China za 1940, wakati mji wenyewe ulikuwa mikononi mwa Wajapani.

Thamani na mwaka vinasomwaje?

Tarakimu za benki ni tofauti na zile za kawaida ili zisichezewe kwa wino: 壹 ni 1, 伍 ni 5, 拾 ni 10, 佰 au 百 ni 100, 仟 au 千 ni 1,000, na 萬 ni 10,000. 圓 ni yuan, 角 ni sehemu ya kumi ya yuan, 分 ni sehemu ya mia.

Mwaka huhesabiwa kuanzia Jamhuri iliposimama. Mwaka wa kwanza wa Jamhuri ni 1912, kwa hiyo ongeza 1911: ukisoma 中華民國二十六年, mwaka wa 26, ni 1937. Vibaraka wa Beijing na Nanjing walitumia kalenda hiyo hiyo. Manchukuo ilikuwa na ya kwake. Ukiona 康德 ongeza 1933. Noti za jeshi la Japani zenye 昭和 ongeza 1925.

Usiuamini mwaka huo kupita kiasi. Unakuambia toleo liliidhinishwa lini, wala si siku karatasi ilipotoka mtamboni. Noti za vipimo vya dhahabu vya forodha zina mwaka wa 1930 lakini nyingi zilifika mikononi mwa raia wa kawaida kuanzia 1942. Ndiyo maana mtu huuziwa “noti ya kabla ya vita” ambayo haikuwahi kuliona soko kabla ya vita.

Hizo za forodha ni zipi, na mbona zimesimama wima?

Hizi ndizo nizipendazo kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Serikali ya China ilikuwa na madeni ya nje yaliyolipwa kwa dhahabu, ilhali ushuru wa forodha ulikusanywa kwa madini ya fedha, na thamani ya madini hayo ilikuwa ikiporomoka. Mwaka 1930 ikaanzisha kipimo cha hesabu cha dhahabu, kilicholingana na senti 40 za Marekani, ili waagizaji wa bidhaa walipe ushuru kwa kipimo hicho. Mwaka uliofuata Benki Kuu ikatoa noti zake. Zilikuwa za wafanyabiashara wa bandarini, si za sokoni. Kisha Aprili 1942, serikali ikiwa imebanwa Chongqing, ikaziingiza kwenye mzunguko wa kawaida, kipimo kimoja kwa fabi 20. Kwa namna hiyo iliweza kuongeza pesa mara ishirini kwa karatasi ile ile, bila kuandika tarakimu kubwa za kutisha watu.

Shika moja iliyochapwa na American Bank Note Company ya New York. Ni ndefu, nyembamba, imesimama kama mlango. Mbele kuna Sun Yat-sen akiwa na kola ya juu. Nyuma kuna Jengo la Forodha la Shanghai, lile la mnara wa saa lililokamilika 1927 kando ya Mto Huangpu. Pitisha ukucha polepole juu ya bega la Sun: utahisi mistari ya wino imeinuka, kwa sababu iliminywa kutoka kwenye bamba la chuma lililochongwa. Kisha tafuta moja ya 1947 au 1948 iliyochapwa ndani ya China. Mnara ni ule ule na bega ni lile lile, lakini mara nyingi wino umelala, rangi imefifia, na tarakimu zimepanda hadi maelfu. Mwaka 1948 zilifika 250,000. Ukiziweka mbili hizo pamoja mezani umeshapata somo la uchumi wa vita.

Kwa nini zilichapwa Marekani na Uingereza?

Mitambo bora ilikuwa huko. Majina utakayoyakuta kwa maandishi madogo chini ya noti ni American Bank Note Company, Thomas De La Rue, Waterlow & Sons na Bradbury Wilkinson. Mkusanyaji wa Afrika Mashariki atalitambua la De La Rue mara moja, maana ndio waliochapa noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Ndani ya China yalikuwepo makampuni kama Chung Hwa na Ta Tung.

Bandari zilipotekwa na barabara ya Burma ilipokatwa 1942, shehena za noti kutoka nje zilipitia India, zikapakiwa kwenye ndege na kurushwa juu ya milima ya Himalaya hadi China. Ndege zile zile zilihitajika kubeba mafuta na risasi. Sijui kama kuna kielelezo kizito zaidi cha mfumuko wa bei kuliko jeshi kulazimika kutenga nafasi ya ndege kwa ajili ya karatasi.

Sifuri nyingi zilitoka wapi?

Serikali ilipoteza miji ya pwani, na pamoja nayo forodha, ushuru wa chumvi na viwanda. Jeshi lilipaswa kulipwa, na kilichobaki ni mtambo wa kuchapa. Katikati ya 1937 fabi zilizokuwa nje zilikuwa takriban bilioni 1.4. Vita vilipoisha Agosti 1945 zilizidi bilioni 550. Agosti 1948 zilipita trilioni 600.

Tarehe 19 Agosti 1948 ikatangazwa yuan ya dhahabu: moja kwa kila fabi milioni tatu. Raia wakaamriwa kusalimisha dhahabu, fedha na pesa za kigeni, na Chiang Ching-kuo, mtoto wa Chiang Kai-shek, akatumwa Shanghai kusimamia bei kwa mkono wa chuma. Ahadi ilikuwa kwamba noti hazitazidi bilioni mbili. Ahadi haikushika hata mwisho wa mwaka. Kufikia 1949 zilikuwepo noti za yuan 1,000,000, na waliosalimisha dhahabu yao kwa kutii sheria ndio waliobaki mikono mitupu.

Kubwa kuliko zote ni ya Benki ya Mkoa wa Xinjiang, 1949: yuan 6,000,000,000. Juu yake imeandikwa kwamba ni sawa na yuan 10,000 za dhahabu. Ni adimu, na nakala feki zake zipo.

Ni kweli wachongaji walificha matusi kwa Wajapani?

Masimulizi mawili ndiyo maarufu. La kwanza ni la noti ya yuan 1 ya benki ya Beijing, 1938, yenye Confucius aliyekutanisha mikono kifuani. Mikono hiyo ikitazamwa kwa kioo cha kukuzia inaonekana imeumbwa kwa ishara ya aibu, na inasimuliwa kwamba mchongaji alifanya kusudi. La pili ni la senti 50 ya benki ya Nanjing, 1940, ambamo herufi C, G, W, R na S zimefichwa kwenye michoro. Wakusanyaji huzisoma kama herufi za mwanzo za sentensi ya Kiingereza yenye maana kwamba Serikali Kuu itarudi karibuni.

Msimamo wangu ni huu: tazama kwa macho yako na kioo, kisha amini ulichokiona. Nia ya mchongaji haikuandikwa kwenye noti. Na kama muuzaji anakutoza mara tatu kwa ajili ya hadithi, nenda kwa mwingine, maana noti hizo zinapatikana.

Mbona noti za wakomunisti zinaonekana hafifu na bado ni ghali?

Hafifu kwa sababu zilitengenezwa katika mazingira magumu. Benki ya Eneo la Mpaka la Shaan-Gan-Ning ilikuwa Yan'an, mji uliozingirwa, ambako karatasi ilitengenezwa kwa nyasi za malan. Benki ya Beihai ilikuwa Shandong, ya Jin-Cha-Ji kwenye milima ya mpakani mwa Shanxi na Hebei, na ya Jinan kusini mwa Hebei na jirani zake. Mara nyingi mitambo ya kuchapa ilihamishwa kukwepa mashambulizi. Rangi zimetofautiana kutoka bunda moja hadi jingine, kingo hazijanyooka. Aliyewahi kuona noti za muda za Afrika Mashariki ya Kijerumani za 1915 hadi 1917 ataielewa hali hiyo mara moja: utawala uliozingirwa, karatasi ya kuokoteza, saini za mkono.

Hata hivyo baadhi ya noti hizi zilikuwa na nguvu kuliko fabi. Kule Shandong mchumi Xue Muqiao aliisaidia Benki ya Beihai kuishikilia thamani kwa bidhaa. Nafaka, pamba, chumvi na mafuta ya karanga viliwekwa ghalani, bei zikipanda vinauzwa na noti zinarudi benki, bei zikishuka vinanunuliwa. Mkulima hakuihitaji dhahabu kuiamini noti, alihitaji kujua kwamba itamletea chumvi.

Bei yake leo iko juu kwa sababu zilizosalia ni chache na wanunuzi wa China wanazitaka. Anayeanza asizinunue bila mtu mzoefu kando yake.

Babu yangu alipigana Burma na KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) akarudi na noti zenye maandishi ya Kijapani. Ni za China?

Karibu hakika si za China. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika Bonde la Kabaw mwaka 1944, na pesa waliyoikuta huko ni rupia zilizochapwa na Japani kwa ajili ya Burma. Utaziona zina maneno ya Kiingereza yanayoitaja Serikali ya Japani, thamani kwa rupia au senti, na herufi inayoanza na B. Zenye M ni za Malaya, S za Indonesia ya Waholanzi, P za Ufilipino. Thamani yake sokoni ni ndogo, lakini usiziuze. Andika jina la babu, kikosi chake na alichokusimulia kwenye karatasi safi, uiweke pamoja nazo. Noti ya rupia ya Burma iko kila mahali, ila yenye historia ya askari wa Tabora au Machakos iliyoandikwa na mjukuu wake ni kitu kingine kabisa.

Yangu ina mzee mwenye ndevu na neno Hell. Ni ya mwaka gani?

Hiyo ni pesa ya kuchomwa kwa ajili ya wafu, na huuzwa kwa mabunda hadi leo. Si sarafu ya nchi yoyote. Pia zipo noti zinazofanana sana na yuan ya sasa zikiwa na maneno 練功券 au 练功券: hizo ni za makarani wa benki kujifunzia kuhesabu.

Naweza kuzibadilisha benki?

Hapana. Fabi ilifutwa 1948. Yuan ya dhahabu ilipokelewa Shanghai katikati ya 1949 kwa kiwango cha 100,000 kwa renminbi moja, pesa mpya ya wakomunisti, kwa muda mfupi tu. Hata renminbi ya kwanza, iliyotolewa 1 Desemba 1948, ilibadilishwa 1955 kwa 10,000 kwa moja. Mtu akikuambia kuna akaunti ya zamani au hazina inayosubiri noti hizi zipelekwe, huyo ni tapeli. Thamani iliyobaki ni ile ambayo mkusanyaji yuko tayari kulipa.

Feki nitazitambuaje?

Kwanza tenganisha feki za wakati ule na za leo. Jeshi la Japani lilikuwa na maabara ya siri Noborito, Kawasaki, karibu na Tokyo, iliyoghushi fabi kwa wingi ili kuvuruga uchumi wa China. Sehemu ya majengo yake leo ni makumbusho ya Chuo Kikuu cha Meiji. Feki ya namna hiyo ina historia yake, na wapo wanaoikusanya.

Za leo ndizo za kuogopa. Anza na ukucha: noti iliyochapwa New York au London kwa bamba la kuchonga lazima iwe na wino ulioinuka. Kisha kioo cha kukuzia, walau mara kumi: mistari ya usoni iwe mistari kamili, isiwe vidoti vidogo vya rangi. Kisha taa ya urujuanimno: karatasi ya miaka ile haina dawa ya kung'arisha iliyoenea viwandani baadaye, kwa hiyo haitakiwi kung'aa bluu na nyeupe. Kama inang'aa, ama ni karatasi mpya ama mtu ameifua kwa sabuni, na yote mawili ni sababu ya kutoinunua.

Ujanja mwingine ni kuchukua noti halali ya bei ndogo na kuipiga mhuri wa ziada, kwa mfano jina la Chongqing au la mkoa, ili ionekane toleo adimu. Mihuri ya kweli ilikuwepo, ndiyo maana hila hii inafanikiwa. Linganisha umbo la herufi na mahali zilipokaa kwa kutazama picha za minada mikubwa. Na ukiona noti mbili zenye namba moja, acha zote.

Bei zikoje, na hali ya noti ina uzito gani?

Matoleo ya kawaida ya noti za forodha, za Nanjing na za yuan ya dhahabu hupatikana chini ya dola kumi za Marekani, mengi kwa dola mbili tatu. Ni moja ya nyanja chache ambazo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kujenga mkusanyo wa maana. Upande wa pili wapo watu wanaolipa maelfu kwa matoleo adimu ya renminbi ya kwanza, kama yuan 5,000 ya 1951 yenye hema za Wamongolia. Makampuni kama PMG na PCGS hupima hali kwa alama 1 hadi 70 na kuifunga noti kwenye plastiki. Kwa noti ya dola tano hilo ni kupoteza pesa. Kwa ya dola mia tano ni ulinzi.

Katalogi hutumia namba za Pick, zilizoanzishwa na Mjerumani Albert Pick. Yenye J mbele ni ya benki za vibaraka, M ni ya jeshi, S ni ya mikoa, benki binafsi na wakomunisti. Omba namba hiyo kabla hujalipa.

Sokoni, noti safi isiyokunjwa ndiyo yenye bei. Mimi nampenda aliyekunjwa mara nne akatiwa mfukoni. Huyo alifanya kazi. Bunda la noti mpya kabisa za 1949 mara nyingi ni lile ambalo lilikosa thamani kabla halijafunguliwa.

Nizihifadhije kwenye joto na unyevu wa pwani?

Usilaminishe. Narudia: usilaminishe, usibandike selotepu, usipige pasi, usifue. Noti iliyolaminishwa imekwisha. Tumia mifuko ya poliesta isiyo na PVC, ambayo wauza vifaa vya wakusanyaji huita Mylar. Mifuko laini yenye harufu ya plastiki hutoa kemikali inayonata. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar unyevu ndio adui wa kwanza: weka albamu kwenye boksi linalofunga vizuri, pamoja na vipakiti vya silika vinavyokaushwa au kubadilishwa kila baada ya miezi michache, mbali na ukuta wa nje, na fungua mara kwa mara kukagua wadudu na ukungu. Jua la dirishani huua rangi nyekundu kwanza.

Nikitaka kununua kutoka China kwenyewe?

China ina sheria za kulinda malikale, na vitu vya historia ya mapinduzi vinaweza kuangukia humo. Noti za kawaida haziwapi watu shida, lakini kwa kitu cha bei kubwa muulize muuzaji juu ya kibali cha kutoka nacho kabla hujatuma pesa. Ukipokea kifurushi, tangaza thamani halisi forodhani.

Nianze na zipi?

Usianze kwa kutaka kila kitu. Chagua mji mmoja. Shanghai ndio rahisi zaidi: fabi ya 1935 ya Benki Kuu, noti ya jeshi la Japani, moja ya Hua Hsing ukiweza kuilipia, moja ya Nanjing ya 1940 na nyingine ya 1944 uone sifuri zilivyoongezeka, noti ya forodha ya 1947, yuan ya dhahabu ya 1948 na ya 1949, kisha renminbi ya kwanza. Ni mtaa ule ule, duka lile lile la mchele, pesa tofauti kila baada ya muda mfupi. Aliyezaliwa Shanghai 1930 alizitumia karibu zote kabla hajatimiza miaka 20.

Renminbi iache mwisho kabisa, maana ndiyo inayoghushiwa zaidi, na kwa hiyo moja ninakubali ulipie iliyofungwa na PMG au PCGS.